Hatua ya Ziada

Kwanza ijulikane kwamba vijana wa Arusha walikuwa wakikanyaga mapema. Mahali pengine mtu akicheza Mishale, ule mchezo wa mashine unaochezwa kwa miguu, alikanyaga pale ngoma inapolia, kama binadamu wa kawaida. Arusha haikuwa hivyo. Mwenye ukumbi wa michezo aling'oa spika za mashine akafunga za kwake, kubwa, zilizowahi kutumika kwenye kwaya, na tangu siku hiyo sauti ikawa inachelewa kidogo nyuma ya picha. Ukiisubiri ngoma, umeshakosa. Basi wote waliojifunzia pale walizoea kuitangulia ngoma, na walipokwenda kwenye mashindano ya nje walichekwa, kisha wakashinda, na kucheka kukaisha.

Elifuraha alikuwa na kumbukumbu nyingi za aina hiyo, na mwaka huu zilimjia kila siku kwa sababu ya Agnela. Agnela ndiye msichana pekee, ukimwondoa Elifuraha mwenyewe, aliyethubutu kupanda jukwaa lile enzi zao. Sasa ni mama mtu mzima mwenye duka la vitambaa, lakini alikuwa amefungua kundi la WhatsApp akaliita Wazee wa Mishale. Mchezo ulikuwa umetimiza robo karne tangu toleo la kwanza litoke Japani, na alitaka kila mtu aandike anachokumbuka. Jina halisi la mchezo liliandikwa ubavuni mwa mashine kwa Kijapani na hakuna aliyewahi kulisoma. Wao waliuita Mishale tu, maana mishale ilipanda kwenye kioo nawe ukaifuata kwa miguu kwenye vibao vya chini: mbele, nyuma, kushoto, kulia. Hata matoleo waliyapa majina yao wenyewe. Kulikuwa na Mishale ya Samaki, ikaja Mishale ya Roboti, na la mwisho kufika Arusha likawa Mishale ya Theluji, lililokuwa gumu kuliko yote.

Watu waliandika kweli kweli. Lengai, ambaye siku hizi anafuga na kulima huko Kisongo, aliandika jinsi alivyokuwa akija na katambuga zake za tairi, akaambiwa azivue mlangoni, akacheza peku na kuwashinda wenye raba. Agnela aliandika jinsi mama yake alivyomfuata ukumbini baada ya ibada, kitabu cha nyimbo kikiwa bado kwapani, akasimama kutazama kwa hasira, na mwishowe akauliza kama na yeye anaweza kujaribu. Mwingine akauliza, "Wazee, mnakumbuka jasho la pale? Mimi nikirudi nyumbani mbwa wetu alikuwa hanitambui."

Mtu mmoja tu hakuandika. Hans, mume wa Elifuraha, aliyekuwa mchezaji wa pili kwa ubora Arusha nzima, alisoma kila ujumbe na hakujibu hata mmoja. Akiulizwa nyumbani alisema, "Mimi mambo hayo niliacha zamani, Mika akiwa bado hai. Sikumbuki kitu."

Kichwa chake labda kilisahau, lakini miguu ilikumbuka. Enzi zile Hans alikuwa na tabia moja: kila alipomaliza fungu la mishale aliongeza mguu wa kulia mara moja zaidi, mahali palepale, bila mshale wowote. Hatua ile haikumpa hata pointi. Wenzake walimtania kwamba anaweka nukta. Mpaka leo, ameshakuwa mfanyabiashara wa vipuri mwenye kitambi na nyumba yenye geti Njiro, akipanda ngazi za kibarazani na kufika juu, lazima akanyage tena mara moja. Elifuraha akiwa jikoni alijua mume wake amerudi kabla kitasa hakijazungushwa, na kwa miaka yote ya ndoa yao mlio ule ulimfanya atabasamu.

Mchezaji wa kwanza kwa ubora alikuwa Mika, mdogo wake Elifuraha.

Mika alikuwa na mchezo wake ndani ya mchezo, na watu walikuja kuutazama kutoka mbali kama Usa River. Waliuita "kufa". Katikati ya wimbo, mishale ikiwa imepamba moto, Mika alianguka chali jukwaani, macho ameyafumba, akatulia kabisa. Mishale yake ikapita bure. Kisha mwishoni kabisa aliruka juu na kuukanyaga mshale wa mwisho, na ukumbi ukalipuka. Sharti la mchezo huo lilikuwa moja. Aliyecheza naye hakuruhusiwa kusimama, kwa kuwa wachezaji wawili waliongeza na kupunguza uhai katika mstari mmoja juu ya kioo. Huyu amelala, yule akisita, mstari unaisha na mashine inakata wimbo. Ilibidi mwenzake acheze kwa niaba ya wote wawili mpaka Mika ainuke. Kundini kila mtu alikuwa na hadithi yake ya Mika kufa. Agnela aliandika, "Mimi nilikuwa naamini kila mara," na Elifuraha aliposoma maneno hayo aliizima simu akaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa safi.

Kwa sababu Mika alikufa kweli, Jumamosi moja ya masika, miaka kumi na tano iliyopita. Alikutwa jioni kwenye njia ya miguu inayopanda kwao Nkoaranga, pale penye mteremko mkali kati ya kahawa na migomba, amelala kwenye tope na jeraha dogo kisogoni. Mvua ilikuwa imenyesha mchana kutwa na watu walikuwa ndani. Ilisemwa kwamba aliteleza akajigonga kwenye jiwe. Jiwe lilikuwepo, tope lilikuwepo, na msiba ulipoanza hakuna aliyeuliza zaidi.

Aliyemwita njia ile ni Elifuraha. Kesho yake mdogo wao wa mwisho alikuwa anapata kipaimara, na kreti za soda zilihitaji mtu wa kuzipandisha kutoka barabarani. Mika alisema ana mazoezi, mashindano ya Nairobi yako karibu. Elifuraha akamwandikia ujumbe, na ujumbe ule angeweza kuusema mpaka leo bila kukosea herufi: "Usipokuja leo, usiniite dada tena." Halafu akapiga simu mchana kutwa, ikawa inaita tu. Jioni ndipo majirani waliposikika wakipiga kelele huko chini.

Mama yake hakumlaumu. Ila siku moja, baada ya arobaini, wakimenya ndizi, mama alisema bila kuinua macho, "Ungemwacha tu acheze." Hakulirudia tena neno hilo, na hakuwa na haja ya kulirudia. Elifuraha aliolewa nalo, akazaa nalo. Kila alipokwenda kwao alipita mahali pale akiwa ameinamisha kichwa, maana hakuna mtu duniani aliyeweza kumwambia kwamba si yeye aliyemuua mdogo wake.

Hans alikuwa pembeni yake tangu siku ya msiba. Alichimba kaburi, alibeba jeneza, alilia kuliko ndugu wa damu. Na kabla matanga hayajaisha alipanda isale, ule mmea wa majani marefu, pale kwenye njia, mahali Mika alipokutwa. Isale kila mtu anaifahamu huko mlimani, kwa Wameru na kwa Wachaga wenzake Hans: inapandwa mpakani, inapandwa kaburini, na inabebwa na mtu anayekwenda kuomba msamaha. Ukiletewa jani la isale hukatai. Ukishalipokea mkononi, shauri limekwisha, na atakayelifufua ni yeye mwenye kosa jipya. Elifuraha alikuwa mtoto alipomwona baba yake akipokea jani kwa jirani aliyemvunja mkono kwenye ugomvi wa mfereji. Baba aliugua mkono ule mpaka alipozeeka, lakini ugomvi hakuutaja tena hata akiwa amelewa.

Isale ya Hans pale njiani ilionekana ni ya kuweka alama. Watu walimsifu. Mama alisema, "Huyu kijana wa Kichaga ana heshima," na Hans alipokuja kuleta posa, hakukuwa na mjadala. Kila mwaka, masika yakianza, alikwenda peke yake kupalilia pale na kuongeza mche. Uani kwake Njiro, mahali ambapo wenzake walipanda maua ya kununua, yeye alipanda safu nzima ya isale kando ya ukuta.

Basi Agnela alipoandika kundini kwamba ile mashine yao ya Theluji ameigundua imefunikwa turubai kwenye stoo moja huko Unga Limited, Elifuraha aliona ni Mungu tu. Siku ya kuzaliwa ya mume wake ilikuwa inakaribia. Hans alikuwa na safari ya kufuata mzigo Holili na angerudi alasiri. Elifuraha alimtafuta Abdiel, fundi aliyekuwa akiitengeneza mashine ile tangu enzi za ukumbi, wakaikodia gari, na asubuhi ile wanaume wanne waliishusha kwenye banda la gari kwa kupokezana matusi na pole.

Mlima Meru ulikuwa umefunikwa na mawingu mpaka miguuni. Hewa ilikuwa nzito, ile ya mvua inayokataa kunyesha, na kuku wa jirani walikuwa wameingia bandani mapema.

Abdiel alifungua mgongo wa mashine, akapuliza vumbi, akabadilisha nyaya mbili zilizotafunwa na panya. Alikuwa na furaha siku hiyo, anaimba nyimbo za zamani za Mishale kwa maneno ya kubuni. Alipowasha, kioo kilichelewa, kikatetemeka, kisha theluji ikaanza kudondoka juu ya ile milima ya rangi ya zambarau. Elifuraha alijikuta anacheka huku machozi yanamtoka. Ilikuwa na harufu ileile ya plastiki iliyopata moto.

"Vivuli vipo bado?" aliuliza.

"Si vipo tu, dada. Kumbukumbu yake nzima iko salama. Panya hawakufika huko."

Kivuli ndicho kilichowafanya watu walipende toleo lile. Kwa kila wimbo, mashine ilihifadhi mchezo wa yule aliyepata pointi nyingi kuliko wote, pamoja na wa mwenzake, ikawa inaonyesha nyayo za wachezaji zikitua na kufifia kwenye kioo, hatua kwa hatua, ili mwingine ajipime nazo. Elifuraha alitaka kitu kimoja tu. Alitaka kuiona miguu ya Mika.

Abdiel alipekua nyimbo mpaka akafika kwenye wimbo wa mwisho, ule mgumu, ambao vijana waliuita Barafu. Upande wa kushoto jina, lile linaloandikwa kabla wimbo haujaanza, lilikuwa MIKA. Upande wa kulia hapakuwa na jina, mchezaji hakuandika chochote. Chini yake kulikuwa na tarehe.

Elifuraha aliisoma mara ya kwanza bila kuielewa. Tarehe ile aliijua kutoka mahali pengine. Ilikuwa imechongwa kwenye msalaba wa kaburi la Mika.

"Mashine inakosea tarehe?" aliuliza.

Abdiel alijikuna shingo. "Haijawahi. Lakini subiri kidogo. Jumamosi ile si ukumbi ulifungwa? Mzee alikuwa msibani Machame, familia nzima. Mimi mwenyewe nilipita pale nikakuta kufuli."

Mwenye ukumbi alikuwa mjomba wake Hans. Hilo hakuna aliyelisema, wala halikuwa na haja ya kusemwa.

Abdiel alibonyeza. Wimbo ukaanza, na nyayo zikaanza kutua. Zile za kushoto Elifuraha angezitambua hata katikati ya umati: nyepesi, zinatangulia ngoma, kisigino hakigusi. Mika alikuwa hai hapo kwenye kioo na alikuwa anacheza vizuri kuliko alivyowahi kumwona. Za kulia zilimfuata, nzito kidogo, nazo zikitangulia ngoma. Arusha watupu. Fungu la kwanza la mishale likaisha, na upande wa kulia, mahali pasipo na mshale wowote, unyayo mmoja ukatua tena.

Nyimbo za Abdiel zilikuwa zimekatika midomoni.

Fungu la pili likaisha. Unyayo wa ziada ukatua tena, uleule, mguu wa kulia. Elifuraha alisikia miguu yake mwenyewe ikipoa juu ya sakafu ya saruji. Halafu, katikati ya wimbo, kwenye mishale ya haraka, nyayo za kushoto zikayumba. Unyayo mmoja ulitua pasipofaa, mwingine ukatua nusu. Kisha hazikutua tena.

Mishale ya Mika ilipita bure, mmoja baada ya mwingine. Upande wa kulia uliendelea. Haukusita hata kidogo. Ulicheza kwa niaba ya wote wawili, safi, mpaka mshale wa mwisho kabisa, ambao upande wa kushoto haukukanyagwa na mtu. Theluji ikadondoka. Ukatua unyayo mmoja wa ziada, na wimbo ukaisha, na mashine ikatangaza rekodi mpya ya upande wa kulia.

Abdiel alianza kukusanya vifaa vyake. Elifuraha alimwomba asubiri chai, lakini alisema ana kazi Sakina, ana haraka, na hakumtazama usoni. Getini akasema tu, "Pole, dada," akaondoka.

Elifuraha alivuta kiti akakaa mbele ya mashine. Aliuangalia wimbo ule tena, na tena. Jambo la kwanza alilohisi, na aliliona aibu baadaye, lilikuwa nafuu. Mika hakufa njiani. Hakuteleza akiwahi kreti za soda. Kwa miaka kumi na tano alikuwa amebeba maiti isiyokuwa yake. Nafuu ile ilidumu muda wa kuvuta pumzi mbili tatu, kisha akamkumbuka aliyemwacha aibebe.

Gari la Hans liliingia alasiri. Alisikia mlango wa gari, kisha viatu kwenye ngazi za kibarazani, moja, nyingine, nyingine, kimya kidogo, na ile ya ziada. Kwa mara ya kwanza tangu amjue, vinyweleo vilimsimama mwili mzima.

"Mama Nora?" Hans aliita kutoka ndani. "Mbona nyumba kimya?"

"Niko huku kwenye banda."

Alikuja na mfuko wa machungwa mkononi. Alipoiona mashine alisimama mlangoni, na uso wake ukaisha damu. Elifuraha alipanda jukwaani, akasimama upande wa kushoto, akabonyeza. Hakuwa amecheza miaka mingi na magoti yalimuuma, lakini alifuata nyayo za mdogo wake zikitua kwenye kioo, na pale zilipokoma, na yeye akasimama. Wimbo uliendelea kulia bandani. Upande wa kulia nyayo ziliendelea kutua na kufifia, na Hans akazitazama mpaka mwisho, pamoja na ule wa mwisho usio na mshale.

"Nilidhani anatania," Hans alisema.

Elifuraha alishuka jukwaani.

"Alianguka vilevile kama siku zote. Chali. Hata mimi nilicheka. Nikajua nikisimama wimbo unakatika, atanilaumu. Na nilikuwa sijakosa mshale hata mmoja, Furaha, sijawahi kucheza vile. Nikasema atainuka kwenye mshale wa mwisho."

"Na wimbo ulipoisha?"

"Nikasubiri ainuke." Aliweka machungwa chini polepole. "Nikamwita. Nikamwambia basi, inatosha. Hakuamka. Nikaogopa. Ukumbi nilikuwa nimeufungua bila ruhusa, funguo nilizichukua kwa mjomba, pamoja na za pikapu yake aliyoiacha. Nilijua watasema nilikuwa naye ndani nimejifungia, nimemuua. Nilikuwa mtoto, Furaha. Tulikuwa watoto."

"Kwa nini ulimpeleka kule?"

Hans aliutazama mfuko wa machungwa.

"Arusha ina barabara ngapi, Hans? Kwa nini njia ya nyumbani?"

"Simu yake ilikuwa inaita," alisema, na sauti ilikuwa imeshuka mpaka ikabidi Elifuraha asogee kumsikia. "Dada. Inakatika, inaita tena, jina ni hilohilo, Dada. Nikasoma meseji. Nikaona kumbe huko ndiko anakosubiriwa. Ndiko ulikokuwa umemwita."

Kwa hiyo ujumbe wake ulikuwa umefanya kazi kweli. Haukumleta Mika nyumbani, ulimwonyesha Hans mahali pa kumtupa. Na mtu yule alikuja msibani, akamkuta dada mtu amejikunja kwenye jamvi anarudia maneno yaleyale, "Mimi ndiye niliyemwita, mimi ndiye niliyemwita," akakaa karibu yake na kumshika bega. Alimwacha aamini hivyo. Alimwoa akiamini hivyo.

Hans aligeuka akatoka uani. Elifuraha alimwona kupitia mlango wa banda akiinama kwenye ile safu kando ya ukuta. Alirudi na jani la isale, refu, la kijani kibichi, amelishika kwa mikono miwili kama inavyotakiwa, akapiga magoti kwenye saruji.

Elifuraha alikunja mikono akaificha kwapani. Mikono yake ilikuwa inataka kufunguka yenyewe, ndivyo alivyolelewa, na ilimbidi aibane kwa nguvu.

"Si mimi," alisema. "Mpelekee mwenye mtoto."

Alisema kwa hasira. Alisema kwa sababu lilikuwa neno la kwanza lililokuja. Hans akainuka, akapangusa suruali, akatoka na jani lake. Gari likawaka. Geti likafunguliwa na kufungwa.

Elifuraha alikaa kwenye kiti zaidi ya saa nzima. Alifikiri atalia, lakini kilio hakikuja. Mashine, ikiwa haina wa kuibonyeza, ilianza kujichezea yenyewe kama zilivyo desturi zake, ikionyesha vivuli vyake kimoja kimoja ili kuwavuta wateja. Ilifika tena kwenye Barafu. Nyayo za kushoto zikatua, zikayumba, zikakoma, na yeye akawa anaitazama ile sehemu tupu ambapo mdogo wake alikuwa amelala.

Wimbo ni mfupi. Usafiri kutoka mjini mpaka Nkoaranga katika mvua si mfupi, na njia ya gari inapita getini kabisa kwa hospitali kabla hujafika kwenye njia ya miguu. Jambo hilo lilimjia polepole, likija na sauti ya mama yake. Kuna kitu mama hupenda kukisimulia juu ya siku ile, hukisimulia kila mwaka, kwa sababu kwake ndicho kitu pekee chenye faraja. Husema kwamba alipofika pale njiani na kumpakata, mtoto wake alikuwa bado ana joto. Jioni, kwenye mvua, kwenye tope, amelazwa tangu nani ajuaye saa ngapi, na alikuwa bado ana joto.

Hans hakuwa amesema kwamba Mika alishakufa. Alisema hakuamka.

Elifuraha aliruka akaitafuta simu. Alikuwa ameelewa na jambo la pili, na hilo ndilo lililomfanya apige namba ya mama yake. Mama yake hajui lolote. Akimwona mkwe wake mpendwa amepiga magoti na isale mkononi, hatauliza ni ya nini. Atafanya alichofanya baba na jirani wa mfereji, alichofanya kila mtu mwenye adabu mlimani pale. Na akishalipokea, hakuna kikao cha ukoo wala mchungaji atakayelirudisha jani lile mtini.

Simu iliita mpaka ikakatika. Akapiga tena. Alijua mama yake huiacha simu juu ya kabati akienda kukata majani ya ng'ombe. Alipiga huku anatafuta funguo za gari, akakumbuka gari ni moja na limeondoka. Akatoka getini na kandambili, simu sikioni, akiita bodaboda kwa mkono. Mvua ilikuwa imeanza. Simu ikaita, ikaita, kama ilivyoita Jumamosi ile mfukoni mwa mtu mwingine.

Kisha ikapokelewa.

"Mama, shikamoo. Mama, nisikilize. Hans akija hapo usipokee kitu. Chochote kile. Usinyooshe mkono."

"Marahaba, mwanangu." Sauti ya mama ilikuwa ya upole, yenye wasiwasi kidogo, na nyuma yake Elifuraha alisikia mvua ikipiga mabati ya nyumbani, na mwanamume analia. "Mbona ameshafika. Nimemkuta kule njiani, pale kwa Mika, amepiga magoti kwenye tope. Mmegombana?"

"Mama, jani. Amekupa jani?"

"Nimelipokea, nalo hapa mkononi. Ningemwachaje mtoto wa watu kwenye mvua?" Mama alishusha sauti. "Haya, niambie basi wewe, maana yeye hawezi hata kusema. Nimemsamehe nini?"